Chumba Kinachokumbuka

Kila chumba cha maongezi katika seva ya Lync 2013 kina anwani yake. Anwani hiyo huanza kwa ma-chan, kisha hufuata jina la kampuni na mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu ambao hakuna mtu atakayeukariri. Chan haina taabu: ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya mkondo au idhaa. Iliyonishughulisha ni ile ma. Lync ilikuwa mali ya Microsoft, lakini mimi nazisoma herufi hizo mbili kama mabaki ya MindAlign, programu ya kampuni ndogo ya Chicago iliyoitwa Parlano, ambayo Microsoft walitangaza kuinunua mwezi Agosti 2007. Jina la bidhaa lilifutwa kwenye vifungashio na kwenye matangazo. Ndani ya anwani likabaki, kama kituo cha daladala kinachoendelea kuitwa kwa jina la baa iliyobomolewa zamani.

Nasoma uzamili wa historia, na utafiti wangu unahusu nyaraka za ofisi: majalada, madokezo, vitabu vya kupokelea barua. Nilipoanza kutaja seva kwenye semina, mwenzangu mmoja aliniuliza kama nimehamia kitivo kingine. Sijahama. Swali langu ni lile lile la wanaosoma majalada ya enzi ya ukoloni: nani aliandika, nani aliruhusiwa kusoma, na karatasi iliwekwa wapi baada ya hapo. Nimelipeleka tu kwenye tukio moja dogo la miaka ya karibuni, tukio lililopita katika maelfu ya ofisi bila mtu kuliita historia. Ofisi ilikuwa na seva ya ujumbe wa papo kwa papo, ikaiboresha, na toleo jipya likaja na vyumba vya maongezi vya kudumu.

Kabla ya hapo, ujumbe wa ofisini ulikuwa kama simu. Unamwona mwenzako yupo, kidoa chake ni cha kijani, unamwandikia, anajibu, mnafunga dirisha, basi. Hata mkiwa sita, maongezi yalikuwa ya wale sita na yaliisha walipoondoka. Baada ya maboresho kilikuja kitu cha aina nyingine: chumba ambacho kipo hata kama hakuna mtu ndani, na maneno yaliyosemwa humo yanabaki. Anayeajiriwa mwakani anaweza kupandisha juu, juu, juu, mpaka siku ya kwanza ya chumba, akasoma walichobishana watu ambao sasa wako kampuni nyingine.

Tumezoea kudhani kumbukumbu ya aina hii ni jambo jipya lililoongezwa juu ya gumzo la zamani lisilokumbuka. Historia haikwenda hivyo. Mfumo wa kwanza wa kompyuta wa kukutanisha watu wa kazi kwa maandishi ambao ninaufahamu ulikuwa mali ya serikali. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon alitangaza kusimamisha kupanda kwa bei na mishahara Marekani kwa siku 90. Ofisi iliyopewa mzigo wa kusimamia jambo hilo ilikuwa ya maandalizi ya dharura, na ilihitaji matawi yake ya mikoani yajibu maswali ya wananchi kwa sauti moja. Murray Turoff, aliyefanya kazi hapo, akatengeneza mfumo ulioitwa EMISARI. Ulikuwa na sehemu ya ujumbe, sehemu ya takwimu, na sehemu iliyoitwa Party Line, ambapo watu walikutana na kuandikiana kwa wakati mmoja badala ya kupigiana simu za pamoja. Mambo yaliwekwa kwa sababu ilikuwa kazi ya serikali, na kazi ya serikali huwekwa.

Waliotupa kumbukumbu walikuwa wachezaji. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Doug Brown na David Woolley waliandika Talkomatic kwenye mfumo wa PLATO. Watu wasiozidi watano waliingia kwenye mkondo mmoja, kila mmoja na kipande chake cha kioo, na herufi zilionekana moja moja kadiri zilivyopigwa, pamoja na makosa na kusitasita. Ukifuta, limefutika. Kisha Agosti 1988, huko Oulu, Finland, Jarkko Oikarinen akaandika IRC. Seva ya IRC hupokea neno na kulipitisha, hailiweki. Ukiingia kwenye chumba saa nne, ya saa tatu na nusu huyapati. Na mtu wa mwisho akitoka, chumba chenyewe kinakufa. Agosti 1991, wakati wa jaribio la mapinduzi mjini Moscow, watu walipashana habari kwa IRC, na maongezi hayo tunayasoma leo kwa sababu moja tu: baadhi ya waliokuwepo walihifadhi nakala kwenye mashine zao wenyewe.

Hapo ndipo ninapomwelewa mteja wa Parlano. Wateja wake wakubwa walikuwa mabenki ya uwekezaji, na siku ya benki ya namna hiyo haifungwi, inahama. Tokyo wanakwenda nyumbani London wanaamka. London wanakula mchana New York wanafungua madaftari. Anayeingia zamu anataka kujua kilichosemwa kabla hajafika, bila kumpigia mtu aliyelala. Gumzo la mtindo wa IRC lilikuwa jepesi na la haraka, lakini lilisahau. Likiwekewa kumbukumbu, likawa chombo cha kukabidhiana zamu. Na kulikuwa na sababu ya pili, isiyopendeza sana kwenye tangazo. Kanuni ya 17a-4 ya SEC, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, inawataka madalali watunze mawasiliano yao ya kibiashara kwa miaka isiyopungua 3, na miaka 2 ya kwanza yawe mahali pa kufikika kwa urahisi. Chumba kinachokumbuka kilimfaa mfanyabiashara, na kilimfaa zaidi mwanasheria wa benki.

Neno la kudumu, kwa hiyo, lina maana mbili zilizopachikwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba chumba hakifi watu wakitoka. Ya pili ni kwamba maneno hayafi. Mwuzaji huzungumza juu ya ya kwanza. Mafundi hutumia wikiendi nzima kushughulikia ya pili.

Niliyapata haya ya wikiendi kwa mjomba wangu, fundi wa mifumo katika kampuni ya bima jijini Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Yeye huniita mjomba nami namwita mjomba, kama ilivyo kwetu, hivyo mtu wa pembeni akitusikia tukibishana juu ya hifadhidata hajui nani anamfundisha nani. Mwaka 2014 ofisi yao ilihama kutoka Lync 2010 kwenda Lync 2013. Katika toleo la zamani maongezi ya kundi yalikuwapo, lakini yalikuwa kama banda lililojengwa nyuma ya nyumba: programu yake peke yake, dirisha lake peke yake, zana zake za usimamizi. Wengi hawakuwahi kulifungua. Katika toleo la 2013 vyumba viliingizwa ndani ya dirisha lile lile la kila siku, na kwa upande wa seva vikawa sehemu rasmi ya ramani ya mfumo.

"Ramani ndiyo kazi," aliniambia. "Ukishaichora vizuri, kufunga programu ni kusubiri tu." Unachora kwamba pana seva ya vyumba, unaonyesha hifadhidata yake ya SQL itakaa wapi, unaichapisha ramani, ndipo mashine zinajengwa kuifuata. Ofisi inayobanwa na sheria huongeza hifadhidata ya pili kwa ajili ya ukaguzi, ambamo kila linalotokea huandikwa: nani kaingia, nani katoka, nani kasema nini. Baada ya hapo zinatengenezwa kategoria, na kila kategoria inaamua ni nani wanaoweza kualikwa kwenye vyumba vyake na nani wasiweze kabisa. Hilo nalo lina harufu ya benki. Lilikusudiwa kuweka ukuta kati ya idara ambazo sheria haitaki zinong'onezane. Vyumba vyenyewe vikawa vya namna tatu: cha wazi, ambacho kila aliye ndani ya kategoria anakiona na kuingia, kilichofungwa, ambacho unakiona lakini huingii mpaka ufanywe mwanachama, na cha siri, ambacho asiye mwanachama hajui hata kama kipo.

Mjomba alifungua vyumba kama kumi. Kimoja kilikuwa cha madai ya magari, nacho ndicho kilichochangamka. Miezi michache baadaye yakatokea malipo yaliyozua maswali, na karani kijana akaambiwa aliidhinisha bila ruhusa. Karani akasema aliagizwa. Bosi wake akasema hakumwagiza. Zamani hapo ingekuwa neno la mkubwa na neno la mdogo, na sote tunajua mizani hiyo hulalia wapi. Safari hii mtu alipandisha chumba juu. Agizo lilikuwepo, na saa, na jina. Karani akabaki kazini.

Ilipaswa kuwa habari njema, na kwa karani ilikuwa. Lakini mjomba aliendelea: "Wiki ile ile kila mtu akaelewa ameishi ndani ya nini." Wakapandisha wenyewe, kila mmoja kivyake, kuangalia amesema nini. Utani juu ya mteja. Malalamiko juu ya mshahara. Jina la utani la meneja. Ndani ya mwezi mmoja chumba cha madai ya magari kikawa na maneno mawili tu, "imepokelewa" na "asante", na maongezi yenyewe yakahamia kwenye kikundi cha WhatsApp ambacho bosi hakuongezwa. Mjomba hakushangaa. Alichosikitikia ni kwamba WhatsApp ile haikuwa na ukuta wa kategoria, haikuwa na nakala mahali popote zaidi ya simu za watu, na namba za magari ya wateja zilianza kupita humo.

Nilipomsikiliza nilikumbuka masijala. Msomaji aliyewahi kufanya kazi serikalini anajua ninachosema: jalada lenye namba, karatasi zenye folio, na ukurasa wa madokezo ambapo ofisa anaandika, anasaini, anaweka tarehe, na anayefuata anaandika chini yake. Ofisa mpya akiletewa jalada husoma madokezo tangu mwanzo ndipo aongeze lake. Huo ni ule ule uzi wa chumba cha kudumu, kwa wino. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewahi kuandika dokezo akidhani yuko kijiweni. Karatasi yenyewe ilikuonya. Kulikuwa na mhuri, kulikuwa na karani wa masijala anayekutazama juu ya miwani. Kijiwe nacho kilikuwa na kanuni yake: linalosemwa kwenye kahawa linabaki kwenye kahawa, na anayelibeba huitwa mmbea. Maboresho ya 2013 yaliweka masijala na kijiwe katika dirisha moja, kwa mwandiko mmoja, bila mhuri na bila kahawa. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa, na sijaliona likitajwa katika mwongozo wowote wa ufungaji niliousoma.

Mabenki yaliyagundua haya kwa gharama. Tarehe 12 Novemba 2014, mamlaka ya fedha ya Uingereza iliyatoza mabenki matano jumla ya pauni bilioni 1.1 kwa kushindwa kudhibiti biashara yao ya fedha za kigeni, na ushahidi mkubwa ulikuwa maneno ya vyumba vya gumzo. Hivi havikuwa vyumba vya Lync. Vilikuwa vya wafanyabiashara wa mabenki tofauti waliokutana kupitia mitambo ya soko. Kimoja, waendesha mashtaka wa Marekani walisema, washiriki wenyewe walikiita The Cartel, na mwezi Mei 2015 mabenki manne yalikiri kosa la kula njama. Ila Oktoba 2018, wafanyabiashara watatu Waingereza waliofikishwa mahakamani New York kwa maongezi ya chumba hicho waliachiwa huru na baraza la wazee wa mahakama. Kwa mwanafunzi wa historia hakuna somo zuri zaidi la chanzo. Maandishi ni yale yale, herufi kwa herufi. Taasisi ziliyasoma kama njama zikalipa. Watu kumi na wawili wa kawaida waliyasoma, wakasikia hoja za mawakili, wakakataa kutia hatiani. Seva hutunza maneno. Sauti iliyotumika, kicheko, na kilichotokea dakika tano kabla ya mtu kuandika havimo.

Wakati huo huo kumbukumbu ilikuwa inauzwa kwa sura nyingine, ya kuchangamka. Watengenezaji wa mchezo wa kompyuta ulioitwa Glitch walikuwa wakifanya kazi kwa IRC waliyoiongezea hifadhi na utafutaji, kwa kuwa ofisi zao zilikuwa miji tofauti. Mchezo ulifungwa Desemba 2012. Ile zana ya ndani ikawa Slack, ikafunguliwa kwa wote Februari 2014, na jina lake lilielezwa kuwa kifupi cha maneno yenye maana ya daftari linalotafutika la maongezi yote na maarifa yote. Parlano walitangulia kwa miaka mingi. Walichokosa, nadhani, ni ule uso wa mchezo. Microsoft wakajibu kwa Teams, iliyotangazwa Novemba 2016, na toleo la seva la 2019 la mfumo uliokuwa Lync, ukiitwa sasa Skype for Business, likatoka bila vyumba vya kudumu. Chini ya jina hilo la kudumu, vyumba viliishi matoleo mawili tu, la 2013 na la 2015. Kuna watu wana viatu vya umri huo.

Na watu wakaendelea kukimbia. Septemba 2022 SEC iliyatoza makampuni 16 ya Wall Street zaidi ya dola bilioni 1.1 kwa sababu wafanyakazi, hadi wakubwa, walikuwa wakizungumza kazi kwenye simu zao binafsi, kwenye WhatsApp na mfano wake, na maongezi hayo hayakutunzwa. Mamlaka nyingine ya nchi hiyo hiyo ikaongeza dola milioni 710. Nikiisoma taarifa hiyo niliona chumba cha madai ya magari cha Dar es Salaam. Miaka minane, bahari mbili, fedha zisizolingana hata kidogo, na mwendo ni ule ule: ofisi inajenga chumba kinachokumbuka, watu wanatafuta kinachosahau.

Siwalaumu, ingawa ningenufaika wasingekimbia. Mtu wa fani yangu anataka kila kitu kiwekwe. Ni uroho wa kazi. Lakini yule karani aliokolewa na kumbukumbu, na wenzake walinyamazishwa nayo, ndani ya mwezi mmoja, na sioni namna ya kumpa mmoja haki bila kumgusa mwingine. Pengine kilichohitajika ni kitu kidogo kisicho na uhusiano na seva: mtu kuwaambia siku ya kwanza, kwa Kiswahili, kwamba haya yanawekwa, yanawekwa miaka mingapi, na nani anaweza kuyafungua. Mjomba anasema tangazo lilitumwa. Lilikuwa la Kiingereza, kurasa tatu.

Kampuni yao ilipohamia mfumo mpya, vyumba havikuhama. Mjomba alitoa yaliyomo kwa amri ya seva, yakawa faili moja lililobanwa, akaliandika kwenye diski. Nilimwomba nilisome. Nilieleza mradi wangu, nikaahidi kubadili majina, nikataja hata barua ya chuo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mjomba, humo mna watu," akasema. "Mna mteja aliyevunjika mguu, mna aliyefiwa akaja kudai. Hawakuongea na wewe."

Tangu Mei 2023 Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, nayo haipendi taarifa za watu zikae kuliko zinavyohitajika, hivyo nilimwuliza kama basi atalifuta. Akasema uamuzi huo si wake, ameuliza kwa maandishi mara mbili, hajajibiwa. Diski aliipeleka masijala. Karani wa huko hakuwa na fomu ya kupokea kitu kama hicho, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaifungulia jalada jipya, akaandika namba juu yake kwa kalamu ya wino mwekundu. Bahasha ni folio 1. Ukurasa wa madokezo bado mtupu.